Utando wa Jelatini na Nuru ya Nyota

Supu ya makongoro ikilala usiku kucha kwenye sufuria, asubuhi utaikuta imeganda. Ukiitikisa inatetemeka yote kwa pamoja, na ukiikata kwa kijiko vipande vyake vinang'aa. Kilichoigandisha ni jelatini iliyotoka kwenye ngozi, kano na mifupa ya mguu wa ng'ombe baada ya kuchemka kwa saa nyingi. Sisi tunaipasha moto, inarudi kuwa supu, tunakunywa. Jelatini ya namna hiyohiyo ikisafishwa mpaka isibaki na rangi wala harufu, kisha ikapakwa juu ya kioo kwa unene usiofika hata robo ya unene wa unywele, inapewa kazi ya kuchambua nuru ya nyota katika baadhi ya darubini kubwa kabisa duniani. Nimelijua jambo hili kwa miaka kadhaa sasa, na bado sijalizoea.

Moja ya darubini hizo ipo barani mwetu. Nje ya mji mdogo wa Sutherland, katika nyika kavu ya Karoo, Afrika Kusini, kiasi cha kilomita 370 kutoka Cape Town, imesimama darubini ya SALT iliyozinduliwa Novemba 2005. Kioo chake kikuu kimeungwa kwa vipande 91 vya pembe sita, vyote pamoja vikifanya uso wa mita 11 kwa karibu mita 10. Mgeni yeyote akiingia pale macho yake huenda kwenye kioo hicho, na kweli kinastahili. Mimi ningeomba nionyeshwe rafu moja iliyo juu kabisa ya mtambo, ndani ya spektrografu, chombo cha kuitenganisha nuru katika rangi zake, iliyopewa jina la Robert Stobie, mkurugenzi wa kituo cha astronomia cha Afrika Kusini aliyeipigania darubini hii na kufariki mwaka 2002 kabla haijafunguliwa. Chombo kilipoanza kazi, kwenye rafu hiyo kulikuwa na mabamba sita. Moja lilikuwa la mtindo wa zamani, lenye mistari 300 kwa kila milimita. Matano yaliyobaki, ya mistari 900, 1300, 1800, 2300 na 3000, yalikuwa hologramu.

Neno hilo huwapeleka wengi kwenye kile kibandiko kinachometameta juu ya kadi ya benki. Hapa usitafute picha. Hologramu hii imebeba umbo rahisi kuliko yote, mistari sambamba, mmoja baada ya mwingine, malaki kwa malaki, na kazi yake ni kuifungua nuru ya nyota iwe rangi zake. Wanaastronomia wanazihitaji rangi hizo kama daktari anavyohitaji damu ya mgonjwa kwenye kichupa. Ndani yake mna habari za gesi zilizomo katika nyota, joto lake, kasi yake ya kutujia au kutukimbia, na kama ni galaksi ya mbali, umri wa ulimwengu wakati nuru ile ilipoanza safari. Picha ya nyota hukuonyesha mahali ilipo. Mengine karibu yote tunayoyajua kuihusu yametoka kwenye rangi zake.

Ufundi wa kuzifungua rangi hizo una ukoo mrefu. Joseph von Fraunhofer, yatima aliyejifunza kazi ya vioo mjini Munich, alipima mwaka 1814 mistari myeusi iliyomo ndani ya rangi za Jua, akaorodhesha zaidi ya 500. Mwaka 1821 alitandaza nyaya nyembamba kati ya skrubu mbili, kila waya ukilala kwenye jino lake, na nuru iliyopenya katikati ya nyaya ikafunguka kuwa rangi. Kichana hicho cha nyaya ni mmoja wa mababu wa kifaa kiitwacho gretingi. Baadaye akachora mistari kwa almasi juu ya kioo, na kwa zaidi ya miaka mia moja iliyofuata almasi ndiyo iliyotawala.

Aliyeifikisha kazi ya almasi kileleni ni Henry Rowland wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore. Miaka ya 1880 alitengeneza mashine ya kuchora mistari zaidi ya 14,000 katika kila inchi ya chuma kilichong'arishwa. Moyo wa mashine ulikuwa skrubu, kwa sababu kosa lolote la skrubu huhamia kwenye mistari, na mistari ikikosea, mstari mmoja katika rangi za nyota unaonekana kama mitatu. Mashine iliwekwa chini ya jengo ambako joto halibadilikibadiliki, ikaachwa ifanye kazi bila mtu kuikaribia, kwa kuwa hata joto la mwili wa binadamu hutanua chuma. Rowland alipofariki mwaka 1901 majivu yake yaliwekwa ukutani mwa maabara ile, karibu na mashine yake. Ninamheshimu mtu anayeipenda kazi yake kiasi hicho.

Lakini almasi ina mipaka yake. Inachakaa kadiri inavyochora. Mfuo hautoki laini kabisa, na kila kikwaruzo kidogo hutupa nuru pembeni. Zaidi ya hayo, gretingi ya mifuo huigawa nuru katika mafungu kadhaa yanayokwenda pande tofauti, wakati spektrografu inapokea fungu moja tu. Mafundi walijifunza kuulaza ukingo wa kila mfuo ili nuru nyingi ielekezwe upande mmoja, na hata hivyo gretingi za kupitisha nuru mara nyingi ziliishia kufikisha asilimia 60 au 70 hivi katika rangi zinazozimudu vizuri, na pungufu ya hapo kwenye rangi nyingine. Kwa mtu wa maabara mwenye taa mezani hilo si tatizo, anaongeza taa. Mtu wa darubini hana namna ya kuiongeza nyota. Nuru imesafiri miaka bilioni kadhaa, imekosa kila wingu la vumbi njiani, imepita angani, imeangukia kioo cha Sutherland badala ya jiwe la Karoo lililo jirani, halafu hatua chache kabla ya kusomwa inamwagika. Piga hesabu: kutoka asilimia 60 kwenda 90 ni sawa na kuongeza eneo la kioo kikuu kwa nusu nzima, na kioo kikuu ni kitu cha mamilioni ya dola. Bamba la jelatini linabebwa kwa mikono miwili.

Wazo la hologramu ni kuacha kuchora juu ya uso na kuingia ndani ya kina. Fikiria dirisha la luva, vile vioo vyembamba vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Ndani ya utando wa jelatini kuna kitu cha namna hiyo: tabaka wima, moja zito kidogo, linalofuata jepesi kidogo, tena zito, tena jepesi. Nuru inakwenda polepole zaidi kwenye tabaka zito. Tofauti yenyewe ni ndogo sana, pengine sehemu tano katika mia, na bamba ukiliangalia unaona kioo kitupu. Nuru ikiingia kwa pembe inayofaa, kila tabaka hurudisha chembe yake, na chembe hizo zote hutoka zikiwa zimepangana, wimbi juu ya wimbi, upande mmoja. William Lawrence Bragg aliieleza kanuni hii alipochunguza miali ya eksirei ndani ya fuwele, zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Mwaka 1969 Herwig Kogelnik wa Bell Labs aliandika hesabu inayoonyesha nuru kiasi gani itahama. Ndani yake mna jambo linalonifurahisha kuliko mengine yote ya fani hii. Kinachoamua ni unene wa utando ukizidishwa kwa tofauti kati ya tabaka zito na wastani wa utando. Kwa nuru ya kijani, zao hilo linatakiwa liwe karibu robo ya mikromita. Utando wa mikromita 5 unataka tofauti ya 0.05, wa mikromita 10 unataka nusu ya hiyo. Ukipungukiwa, nuru haihami yote. Ukizidisha hupati faida, nuru inaanza kurudi kwenye njia yake ya mwanzo, na ukizidisha sana inarudi yote kana kwamba hujafanya kitu. Kuna kipimo kimoja kinachofaa, na fundi anakitafuta ndani ya kitu chenye kuvimba na kusinyaa kama jelatini. Kisha kuna sharti la pili: utando mnene huchagua rangi chache na kuzikataa nyingine, ilhali mwanaastronomia anataka eneo pana la rangi. Kwa hiyo utando uwe mwembamba, na tofauti iwe kubwa. Vitu vinavyoweza kutoa tofauti kubwa kiasi hicho bila kuchafua nuru ni vichache, na jelatini ndiyo iliyopendwa.

Wapiga picha wa kale walikwisha kuijua tabia yake. Tangu mwaka 1852 William Henry Fox Talbot alitumia jelatini iliyochanganywa na dikromati, chumvi ya kromiamu yenye rangi ya chungwa, ambayo ikipigwa na mwanga huikaza jelatini isiyeyuke. Mwaka 1968 T. A. Shankoff wa Bell Labs akaonyesha kwamba mchanganyiko huohuo unatunza hologramu safi ajabu. Gretingi za namna hii zikaingia kwenye vifaa vya maabara vya kuchunguza kemikali kwa leza. Wanaastronomia walichelewa. Mwaka 1998 Samuel Barden, aliyekuwa kwenye kituo cha taifa cha astronomia cha Marekani huko Tucson, akiwa na James Arns na Willis Colburn wa Kaiser Optical Systems, Ann Arbor, walipeleka kwa wenzao ripoti ya mabamba waliyoyapima, na yaliyo bora yalikuwa yakipitisha nuru kwa kiwango ambacho watu wa fani walikuwa hawajakizoea. Kuanzia hapo karibu kila spektrografu kubwa iliyobuniwa ilianza kuuliza habari za jelatini.

Tuingie chumbani kwa fundi. Taa ni nyekundu, kwa sababu dikromati haijali nyekundu. Kioo kimeoshwa mara kadhaa. Punje moja ya vumbi itaacha duara ambalo halifutiki. Jelatini ya uvuguvugu inapakwa, inasambazwa iwe sawa kutoka ukingo hadi ukingo, inaachwa ikauke taratibu. Glovu hazivuliwi, kromiamu ya aina hii ni sumu na inaweza kuleta saratani. Utando ukiwa tayari una rangi ya njano iliyokolea.

Kisha inakuja leza. Mwali mmoja unagawanywa kuwa miwili, na miali hiyo inakuzwa na kukutanishwa tena juu ya bamba kutoka pande mbili. Pale mawimbi yanapokutana, kilele kikipata kilele nuru inazidi, kilele kikipata bonde inazimika, na hivyo kwenye jelatini inajiandika mistari ya mwanga na giza iliyonyooka kuliko mkono wowote au skrubu yoyote inavyoweza kunyoosha. Umbali kati ya mistari unaamuliwa na pembe ya miali. Tuseme leza ni ya argoni, ya nanomita 488. Kwa mistari 900 katika milimita kila mwali unalazwa nyuzi kama 13 kutoka wima; kwa 3000 unalazwa nyuzi 47. Kwa hiyo fundi anayetaka kichana kizuri zaidi haongezi kasi ya mashine wala hanoi ncha. Anafungua miali kama anavyofungua mikono.

Halafu inabidi wote watoke. Mstari mmoja wa gretingi ya 3000 una theluthi moja ya mikromita, na katika unene wa unywele wa mikromita 70 ingeenea mistari zaidi ya 200. Meza ikisogea kwa sehemu ndogo ya theluthi hiyo wakati leza inaandika, mwanga unaandika juu ya giza na giza juu ya mwanga, na kazi imekufa. Meza nzito inaelea juu ya hewa ili mtetemo wa barabarani usiifikie. Feni zimezimwa. Hata hewa iliyovurugwa na mtu aliyetembea chumbani inaachwa itulie kwanza. Wavuvi wa usiku wanaujua utulivu wa kungoja maji yalale kabla ya kushusha nyavu; huu ni wa aina hiyo.

Kilichoandikwa bado hakionekani na hakina nguvu. Sehemu zilizopigwa na mwanga zimekazika kidogo zaidi ya jirani zake, basi. Bamba linatiwa majini. Dikromati inaondoka na rangi yake ya njano, na jelatini inakunywa maji na kuvimba, iliyokazika kidogo, isiyokazika zaidi. Kutoka majini linahamishiwa kwenye pombe ya isopropili iliyochanganywa na maji, kisha kwenye yenye nguvu zaidi, mwisho kwenye pombe tupu. Pombe inainyang'anya jelatini maji ghafla, nayo inakamatwa katika hali yake ya kuvimba kabla haijapata nafasi ya kujilaza. Hapo ndipo tofauti ndogo ya ugumu inapogeuka kuwa tofauti kubwa ya uzito. Joto la maji likizidi, au bafu likibadilishwa kwa pupa, utando unageuka maziwa na kutawanya nuru. Ukienda kwa woga mno, tofauti haifiki. Mikromita za unene na sehemu za mia za tofauti, zote zile za hesabu ya Kogelnik, zinaamuliwa kwenye mabeseni haya, na fundi wa miaka mingi hujua kwa macho bamba linapotoka kama limekubali. Baada ya hapo linakaushwa kwenye oveni, linapimwa, na kama halikufikia kipimo mara nyingine linaweza kurudishwa majini na kuanikwa upya. Almasi haikumpa fundi nafasi kama hiyo.

Ugonjwa wa jelatini ni unyevunyevu. Ikiachwa wazi itainywa hewa ya chumba, itavimba, na mistari itasahaulika. Kwa hiyo juu yake kinagandishwa kioo cha pili kwa gundi angavu, na kingo zinazibwa. Kinga hiyo ikaleta faida nyingine. Gretingi ya zamani haiguswi. Alama ya kidole kwenye mifuo ni kidonda cha milele, na kuisafisha ni kuiharibu. Bamba la jelatini uso wake ni kioo. Unaweza kulifuta kwa kitambaa, na unaweza kulipaka utando wa kuzuia nuru isirudishwe nyuma, kama ule wa miwani.

Tabia moja ya tabaka hizi ililazimisha spektrografu nzima ijengwe upya. Gretingi ya kuchorwa ina rangi yake inayoipenda, nayo haibadiliki baada ya almasi kuinuka. Ya jelatini hubadilika ukiigeuza: elekeza luva zako kwa pembe nyingine, na kilele cha nguvu yake kinahamia rangi nyingine. Bamba moja linakuwa mengi. Ila pembe ya kutoka inabadilika pia, na kamera isipofuata nuru itapita pembeni yake. Ndiyo maana spektrografu ya Sutherland ina kiwiko. Bamba likigeuka kwa pembe fulani, kamera yote, pamoja na lenzi na vihisi vyake, inapinda mara mbili ya pembe hiyo. Kwa bamba la mistari 900 na nuru ya nanomita 550, bamba linageuka nyuzi 14 na kamera kama 29. Kwa bamba la 3000 na nuru ya zambarau ya nanomita 400, bamba linageuka nyuzi 37 na kamera inapinda nyuzi 74, karibu pembe mraba. Haya yote yanafanyika juu ya darubini, kwenye mzigo unaotambaa polepole kuifuata nyota huku kioo kikuu kikiwa kimetulia. Watu wa Chuo Kikuu cha Wisconsin waliokijenga chombo hicho, wakiongozwa na Kenneth Nordsieck, walikubali ugumu wote huo wa chuma na mota kwa ajili ya kuuheshimu utando.

Ufundi huu una dosari yake, na namna ilivyoshughulikiwa inanivutia kama uzuri wenyewe. Kihisi cha kamera hakimezi nuru yote, kiasi kidogo hurudi nyuma kupitia lenzi mpaka kwenye gretingi, na huko rangi zilizokwisha kutenganishwa zinaweza kukusanywa tena kuwa nuru nyeupe na kutupwa upya kwenye kihisi. Linatokea doa angavu lisilotoka kwenye nyota yoyote. Wataalamu wanaliita mzuka. Mwaka 2007 Burgh, Bershady, Westfall na Nordsieck walieleza linavyozaliwa na jinsi ya kulikwepa. Dawa mojawapo ni kuzilaza tabaka kidogo ndani ya jelatini zisisimame wima kabisa, mzuka uangukie nje ya picha. Maana yake fundi anarudi kwenye leza, anausogeza mwali mmoja nyuzi chache.

Kwingineko wamekwenda mbali kwa ukubwa. Spektrografu ya APOGEE, iliyoanza kazi New Mexico mwaka 2011, ilihitaji bamba lenye urefu wa karibu nusu mita, kubwa kuliko miali ya leza ingeweza kuandika kwa mara moja. Hologramu ikaandikwa kwa vipande vitatu juu ya kioo kimoja, kioo kikisogezwa na kuwekwa sawa kati ya kipande na kipande. DESI huko Arizona, iliyoanza rasmi upimaji wake Mei 2021, ina spektrografu 10 zenye njia tatu kila moja, yaani mabamba 30, na yanapokea nuru kutoka nyuzi 5000 za kioo kwa mpigo.

Mimi narudi Sutherland, ambako baridi ya Julai hushuka chini ya sifuri na anga ni nyeusi kwelikweli. Mwanaastronomia wa usiku amechagua bamba la 2300. Mkono wa mashine unalitoa rafuni na kulisukuma mahali pake, bamba linageuka, kamera inapinda kiwiko chake na kufungwa isitikisike. Kidirisha kinafunguka. Nuru ya galaksi inaingia kwenye mwanya mwembamba, inanyooshwa na lenzi, inapita kioo cha kwanza, inagusa jelatini kwa mikromita chache, inatoka kioo cha pili ikiwa imefunguka kutoka buluu hadi kijani, na kwenye kihisi mistari inaanza kujikusanya, chembe moja moja, kwa dakika arobaini.